Tulivyoishi Bila Mlango

Nilikuwa natoka kuoga, kanga moja kifuani na nyingine mabegani, ndoo tupu mkononi, nikamkuta mwenye nyumba wetu anaufunga mlango wetu wa mbele kwenye baiskeli yake.

Nasema anaufunga, nisieleweke vibaya. Hakuwa anaufunga kama watu wafungavyo milango. Alikuwa ameshaung'oa kwenye bawaba zake, ameulaza juu ya keria, na sasa anauzungushia mpira mweusi uliokatwa kwenye tairi bovu, huku ulimi umetoka pembeni ya mdomo kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano.

"Shikamoo, baba," nikasema, maana sikujua niseme nini kingine.

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Nimeamka salama."

"Mume yupo?"

"Amekwenda Mchombe, kuna pawatila ya kulimia imewaharibikia watu shambani."

"Basi nishikie hapa nivute mpira. Huu ni mninga, una uzito."

Nikaweka ndoo chini, nikamshikia. Mpaka leo nikiwasimulia watu wananiuliza, wewe mwanamke, ulimsaidia mtu kukuibia mlango? Nawajibu kwamba hakuwa mwizi, alikuwa mzee mwenye mvi aliyeniuliza nimeamkaje, na baiskeli ilikuwa inataka kuanguka. Mimi nililelewa hivyo.

"Sina ugomvi na wewe hata kidogo," akaniambia tukiwa tumeukamata mlango huku na huku. "Wala na mumeo. Ninyi ni watoto wangu. Ugomvi wangu ni na yule aliyewaingiza humu. Mtu hawezi kupangisha nyumba ya mtu. Mtakaa bila mlango, mtachoka wenyewe, mtaondoka kwa amani bila kugombana."

"Sawa, baba."

"Mungu akubariki."

Akaikokota baiskeli kuelekea Katindiuka, kwenye shamba lake, na mlango ukawa unapepesuka juu ya keria kama bata anayejaribu kuruka. Nikageuka kuitazama nyumba. Ilikuwa kama mtu aliyeng'olewa jino la mbele. Hapo ndipo kicheko kiliponishika. Nilicheka nikiwa nimejishikilia kwenye ukuta, nimevaa kanga, maji yananichuruzika, na wapita njia wananisalimia.

Ili mnielewe, ndoa yetu ilikuwa haijamaliza mwezi. Mimi nimezaliwa Chita, katika nyumba ambayo tulilala dada wanne kwenye kitanda kimoja na ukigeuka wewe wanageuka wote. Mume wangu ni fundi wa mashine aliyeteremka kutoka upande wa Mahenge kufuata kazi bondeni. Tulifunga ndoa kanisani, tukacheza, tukala, tukapanda gari kuja Ifakara na godoro, cherehani yangu na masufuria mawili, tukakabidhiwa vyumba viwili vyenye kitanda na kabati, na ufunguo. Siku za kwanza nilikuwa nafunga na kufungua ule mlango bila sababu yoyote, nasikiliza tu kitasa kinavyolia. Nilikuwa na furaha ya kipuuzi, ile ambayo mtu akikuambia sukari imemwagika unacheka, akikuambia imepatikana unacheka. Kwa hiyo mlango ulipoondoka, nilicheka kwa sababu nilikuwa tayari nacheka tangu nilipoolewa.

Mume wangu alirudi alasiri, mikono imejaa grisi. Akasimama mbele ya lile tundu, akalitazama, akarudi nyuma hatua chache akaitazama nyumba nzima, kisha akasogea na kugonga hewani.

"Ngo, ngo, ngo. Hodi wenyewe?"

"Karibu, nani?"

"Mimi. Mke wangu anaishi hapa?"

"Sijui, ngoja nikafungue."

Nikaigiza kufungua kitasa, nikaigiza kwamba kimegoma, yeye akaigiza kusukuma kwa bega, akapitiliza kweli mpaka katikati ya sebule na kuanguka chini. Jirani yetu, bibi mwenye duka la nafaka na mafuta, Mwislamu ambaye ukoo wake ulitoka pwani zamani, alikuja mbio akidhani tunapigana. Akatukuta tunagaagaa chini, hatuwezi hata kumwamkia.

"Poleni," akasema. "Mlango uko wapi?"

Tukamweleza. Hakucheka. Alikaa kwenye kigoda, akajifunga mtandio vizuri, akatueleza polepole kama anavyoeleza watu wanaokopa dukani.

"Sikilizeni, wanangu. Mpangaji hatolewi kwa kung'olewa mlango. Hata kama mwenye nyumba ana haki ya kukutoa, anakupa taarifa, na msipoelewana anakwenda barazani, huko wanaamua. Kung'oa mlango, kung'oa bati, kumwaga vyombo nje, hayo yote hayaruhusiwi. Nendeni kata mkaseme."

"Lakini amesema nyumba si ya mama aliyetupangisha," mume wangu akasema. "Amesema ni yake."

Yule bibi akavuta pumzi. "Hiyo ndiyo kesi yenyewe," akasema. "Hao wawili."

Hao wawili ndio hawa. Mzee alikuwa seremala, na nyumba aliijenga pamoja na mwenzake, ndiye huyo mama aliyetupangisha, miaka ambayo mtaa ule ulikuwa bado una majaluba ya mpunga. Yeye alichonga milango na madirisha, mwenzake alifyatua matofali, wakachoma tanuru pamoja. Walizaa watoto sita, wote wameshaondoka. Kisha binti yao mmoja akajifungua huko Mchombe, mama akaenda kumsaidia, na kwa kuwa mpunga ulikuwa umeiva, akabaki kuvuna. Mzee akasema ameachwa. Akahamia kwenye kibanda cha shambani Katindiuka. Mama aliporudi akaikuta nyumba imefungwa na panya wanacheza humo, naye akasema ameachwa. Akaipangisha kwetu, akarudi Mchombe kwa hasira. Kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake aje aombe radhi kwa kumwacha.

Usiku huo tulizuia tundu kwa kabati la vyombo, na asubuhi nikafanya kazi ninayoijua. Nilikuwa na kipande kikubwa cha kitambaa kilichobaki kwenye nguo za wasimamizi wa harusi yetu, satini ya pinki inayong'aa kama maji. Nikakishona pazia, nikalitia pindo la dhahabu, tukalitundika. Kwa mbali nyumba ilikuwa inawaka. Na kwa kuwa mchana pale mlangoni kulikuwa na mwanga mzuri na upepo, nikaisogeza cherehani hapo hapo, pazia nimelikusanya upande mmoja.

Basi watu wakaanza kuingia. Nyumba isiyo na mlango, yenye pazia la pinki, barabarani, watu walijua ni biashara. Msichana mmoja akaja akauliza, "Dada, mnasuka?" Mzee mmoja wa Kisukuma aliyekuwa anapitisha ng'ombe wake alisimama na fimbo begani akauliza kama hapa ndipo wanapopiga picha za kitambulisho. Kuku wa jirani walikuwa wanaingia, wanapita sebuleni kwa adabu, wanatokea uani. Mama mmoja akaniona nashona, akauliza kama naweza kumpunguzia gauni la kipaimara la mwanawe. Nikampunguzia. Kesho yake akaja shangazi yake, na shangazi akaleta kwaya nzima ya jumuiya, wanataka sare. Kabla ya hapo nilikuwa nimekaa ndani ya nyumba iliyofungwa vizuri nikingoja wateja, na hakuna aliyejua kwamba mimi ni fundi.

"Tusiende kata," nilimwambia mume wangu. "Tumwombe aje achukue na ukuta."

Lakini habari zilikuwa zimeshafika Mchombe. Siku moja bajaji ikasimama mbele ya nyumba, akateremka mama mwenye nyumba, mrefu, mwembamba, kilemba kimekaa sawasawa. Akateremsha mkeka, kiroba cha mchele mpya unaonukia, na jogoo aliyefungwa miguu. Akalitazama pazia langu juu mpaka chini.

"Nani ameshona hili?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Pindo limenyooka." Akalisogeza, akaingia, akatandika mkeka wake sebuleni, sawa na kizingiti. "Haya. Kama hakuna mlango, mlango ni mimi."

Akahamia.

Fikirini wenyewe. Maharusi, ndoa haijamaliza mwezi, vyumba viwili, na mama mwenye nyumba amelala kizingitini na jogoo. Tulikuwa tunanong'ona kama watoto waliojificha kwenye ghala. Asubuhi moja mume wangu aliniuliza kwa sauti ya chini kabisa, mdomo kwenye sikio langu, kama chai itakuwa na sukari. Sauti ikajibu kutoka sebuleni, "Sukari imeisha, mwanangu. Nimemaliza mimi jana." Mume wangu alijifunika shuka mpaka utosini, na kitanda kizima kikatetemeka kwa kicheko.

Lakini alikuwa mwema, na tulimpenda. Alipika wali ambao sijaula tena popote, akawafundisha wateja wangu kunisubiri bila kelele, na jioni alituhadithia jinsi walivyochoma tanuru la matofali mvua ikiwa inawafukuza, akaishia kila mara kwa maneno yale yale: "Halafu mtu anakuja kusema nyumba ni yake."

Mzee alirudi Jumapili, tumetoka misani. Alikuja kuchukua madirisha. Alikuwa na mfuko wa vifaa vyake begani, na mume wangu, aliyelelewa kama nilivyolelewa mimi, akamkimbilia: "Shikamoo, baba, nikupokee mzigo." Akampokea mfuko wa kung'olea madirisha yetu wenyewe. Mzee akasogeza pazia, akamkuta mwenzake amesimama upande wa ndani.

Walikuwa hawajaonana tangu mavuno.

"Umekonda," mzee akasema.

"Nani amekwambia nimekonda?"

"Nakuona."

"Macho yako yamezeeka. Na hilo shati gani, halina hata kifungo kimoja?"

Mzee akajishika kifua. Kweli, shati lilikuwa limeachia lote. "Nani wa kunishonea?" akasema.

"Mvue," mama akaniambia mimi, bila kumwondolea macho. "Mshonee vifungo kwanza. Mimi siwezi kugombana na mtu aliye kifua wazi."

Mzee akavua shati, akakaa kwenye kigoda na singlendi yake. Nikashona vifungo, nimeng'ata mdomo kuzuia kicheko. Nilipomaliza akavaa, akafunga vyote mpaka cha shingoni, akasimama wima, na hapo ugomvi ukaanza rasmi. Waligombana vizuri sana. Nani alimwacha nani, nani alifyatua matofali mangapi, nani alimwambia nani asipeleke mbuzi wapi. Majirani walikuja na vigoda vyao. Mwishowe mama akapiga makofi mara moja, akasema, "Twende kata!"

"Twende! Hata leo!"

"Leo Jumapili, pamefungwa," mume wangu akasema.

"Basi siku watakayofungua," mzee akajibu, akachukua mfuko wake, akasahau madirisha.

Baraza la kata linakaa kwenye chumba chenye madirisha mapana, na nje siku hiyo kulikuwa na mpunga umeanikwa kwenye maturubai, harufu yake imejaa ndani. Walikaa mwenyekiti, mwanaume mnene asiyependa mzaha, wajumbe wengine, na miongoni mwao mwalimu mstaafu, mama mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Sisi ndio tuliokuwa walalamikaji, maana tulioondolewa mlango ni sisi. Mume wangu akasimama, akaeleza: tumepanga, tumelipa, mlango umeng'olewa, tunaomba urudi. Aliposema "mlango wetu" na kuonyesha kwa mikono ukubwa wake, nikakumbuka alivyogonga hewani, kicheko kikanitoka puani.

"Mama, kuna nini cha kuchekesha?" mwenyekiti akauliza.

"Hakuna, mheshimiwa."

"Basi endelea hivyo hivyo kutocheka."

Mzee akaitwa. "Mlango ni wangu," akasema. "Nyumba wagombanie wanaotaka. Ila mlango niliuchonga mimi, kwa mbao zangu, kwa mikono hii. Nimechukua kazi yangu."

Mwalimu akavaa miwani. "Mzee wangu, ulipouchonga uliupeleka wapi?"

"Niliutia pale."

"Pale wapi?"

"Kwenye nyumba."

"Ukaupigilia bawaba?"

"Sana."

"Basi siku ile ulipoupigilia bawaba uliacha kuwa mbao zako, ukawa nyumba. Kilichofungwa kwenye nyumba ni sehemu ya nyumba. Ukianza kuchukua mlango kwa sababu uliuchonga, huyu mama naye atachukua matofali kwa sababu aliyafyatua. Mtabaki na nini?"

"Bati," mtu akasema nyuma, na chumba kizima kikacheka. Safari hii nilicheka kwa halali.

Mwenyekiti akagonga meza. Akamuuliza mzee kwa nini hakutupa taarifa kama hataki wapangaji. Mzee akasema hawezi kuwapa taarifa watu ambao hakuwapangisha, na aliyewapangisha hana ruhusa. Mwalimu akasema, "Hapo una hoja. Nyumba ya ndoa, mmoja hapangishi wala hauzi bila mwenzake kukubali. Ilibidi mama akuulize." Mzee akanyoosha shingo kwa ushindi. "Na wewe vilevile," mwalimu akaendelea, "huwezi kuamua peke yako. Mke wako ana haki humo kama wewe."

Sijui kama mzee alikuwa ameyapanga aliyoyasema baada ya hapo, au yalimponyoka. Alisema, "Huyo si mke wangu."

Nje mtu alikuwa anageuza mpunga kwa reki, kwaru, kwaru.

"Unasemaje?" mwenyekiti akauliza.

"Sikumuoa. Tulikutana kwenye kuvuna, tukapendana, tukakaa. Hakukuwa na padri, hakukuwa na mahari. Hakuna aliyeniuliza kama nakubali."

Nilimtazama mama. Uso wake ulikuwa umekauka, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe sikutaka kucheka. Mkono wangu ukautafuta wa mume wangu.

Mwalimu alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Mzee wangu, nikuulize. Mmekaa nyumba moja muda gani?"

"Mtoto wetu wa kwanza sasa ana wajukuu wawili."

"Mama yako alipofariki, nani alikaa ndani na wafiwa kama mkwe wa marehemu?"

"Yeye."

"Ulipolazwa hospitali, nani aliitwa kusaini?"

"Yeye."

"Mtaani wanamwitaje?"

Nyuma majirani wakajibu kwa pamoja, wakamwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, mama wa fulani.

"Na wewe unamwitaje?"

"Namwita..." Mzee akatazama chini. "Namwita mama watoto wangu."

"Basi sikiliza," mwalimu akasema, sauti yake imelainika. "Mwanamume na mwanamke wakikaa pamoja zaidi ya miaka miwili, na watu wote wanaowazunguka wanawajua kuwa ni mume na mke, sheria nayo inawachukulia kuwa ni mume na mke. Inaitwa dhana ya ndoa. Anayebisha anaweza kuleta ushahidi mahakamani kwamba sivyo. Wewe umetuletea ushahidi kwamba ndivyo."

Mzee alisimama pale, mdomo wazi kidogo, shati lake limefungwa vifungo vyote. Akageuka polepole akamtazama mwenzake.

"Kumbe nimeoa!" akasema.

Sijui nani alianza kupiga kigelegele. Nadhani ni yule bibi wa duka. Kikapokelewa na wanawake wote, kikatoka nje kwenye mpunga, aliyekuwa na reki akaja dirishani kuuliza nani ameshinda kesi. Watu wakamshika mzee mkono: hongera, bwana harusi, hongera. Naye alikuwa anaitikia, "Ahsante, ahsante," amechanganyikiwa, anatabasamu kama mtu aliyepewa mtoto ambebe. Mwenyekiti aligonga meza mpaka akachoka, kisha nikamwona anajifuta macho kwa leso.

"Na mimi je?" mama akasema. Sauti yake ilizima kelele zote. "Amesema hakuna aliyemuuliza. Mimi nani aliniuliza?"

"Wewe ni mke halali, mama," mwalimu akamwambia.

"Najua kuwa ni mke. Nilijua tangu tanuru la kwanza. Nasema mahari yangu iko wapi?"

Kigelegele kikaanza upya.

Tuliandikishiana makubaliano hapo hapo. Mlango urudi siku ile ile. Sisi tubaki. Wakitaka kututoa, watupe taarifa wote wawili kwa pamoja, tusipokubaliana waende baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Mama aliposikia maneno "wote wawili kwa pamoja" alitugeukia mimi na mume wangu, akasema, "Basi wanangu, mtazeekea humo."

Alasiri mlango ukarudi kwa baiskeli. Kule Katindiuka mzee alikuwa ameuegemeza nje ya kibanda, mvua mbili zimeunyeshea, umevimba, haukuingia kwenye fremu. Akatoa randa yake, akaanza kuuranda, maranda yanaruka kwenye nywele za watoto wa mtaa. Mama aliushika upande mmoja, akimwelekeza: punguza hapa, hapo umezidisha, wewe useremala ulijifunzia wapi? Ulipoingia na kitasa kikalia, watu walipiga makofi. Mimi nilimwomba mama asiufunge mchana, kwa ajili ya wateja, na pazia la pinki tukaliacha lilipo.

Mama hakuondoka. Alisema haendi Katindiuka kwa mwanamume ambaye hajamposa. Kwa hiyo alibaki sebuleni kwetu, na mzee akawa anakuja kumtembelea jioni, amenyoa ndevu, na perege wawili watatu kwenye kijiti. Akifika anabisha hodi. Mama ananituma nikaangalie ni nani. Narudi, nasema, "Ni baba." Ananiambia, "Mwambie asubiri." Naye anasubiri. Mume wangu alikuwa anampelekea kigoda, wanakaa nje wanazungumza habari za injini mpaka atakaporuhusiwa kuingia. Mzee akataka wakafunge ndoa kanisani. Mama akakataa kabisa. "Nikifunga leo," alituambia, "nitakuwa nimekubali kwamba siku zote zile sikuwa nimeolewa."

Ila mahari hakuisamehe. Akawatumia ujumbe kaka zake kule milimani kwao, wazee wenyewe, na wakaja kweli, wamevaa makoti katika joto lile, nyuso zimekunjamana kwa uzito wa kazi. Mzee naye alitafuta mshenga, na mshenga akawa mume wangu, kwa sababu, alisema, ni kijana mwenye heshima. Mume wangu akapiga magoti sebuleni kwetu wenyewe, mbele ya wazee waliokaa kwenye viti vyetu wenyewe, akaomba mke kwa niaba ya babu wa watu. Mimi nilikuwa jikoni na yule bibi wa duka, tumeziba midomo kwa kanga. Kaka mkubwa akauliza kama binti ni mzima. Akaletwa. Akauliza kama anamfahamu huyu kijana. Mama akamtazama mzee kuanzia viatu mpaka mvi, akasema, "Namwonaona mtaani."

Mbuzi alitolewa, jembe likatolewa, ikaisha. Tukapakua wali na kambale na nyama. Mtu akawasha redio ya simu akaiweka ndani ya sufuria tupu ili itoe sauti. Vyumba vyetu viwili vilijaa watu mpaka nikaona mkwe mmoja wa kaka mkubwa amekaa kwenye kitanda chetu na sahani magotini, na mvua ikaanza kupiga bati, ikabidi wote tupige kelele ili tusikilizane. Mume wangu alikuwa ameegemea ukuta, jasho linamtoka, ananitazama kwa juu ya vichwa vya watu, na nilijua kabisa anachokiwaza, kwamba kesho sebule itakuwa yetu, na nilikuwa nawaza hicho hicho.

Mzee akasimama mbele ya mama, akanyoosha mkono.

"Twende tukacheze."

"Niombe vizuri," mama akasema, mdomo umejaa wali.

"Nakuomba, mke wangu."

Wazee wote wakasimamisha matonge njiani. Mama akaendelea kula. Akamaliza wali wake taratibu, akachambua mfupa wa mwisho wa kambale, akalamba vidole kimoja baada ya kingine, akanipa sahani niishike, akajifunga kanga kiunoni, akainuka.